Mama alifariki katikati ya utafiti wangu. Nimwandike au nimwache nje ya tasnifu?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nasoma shahada ya umahiri ya Kiswahili na tasnifu yangu inahusu mbolezi, yaani nyimbo za kilio cha msiba, za Wanyakyusa wa Rungwe, Mbeya. Nilikuwa nimesharekodi misiba tisa, mama yangu akafariki. Msiba wa kumi ukawa wa nyumbani kwetu. Sikurekodi chochote, nililia na kuimba kama wengine. Baadaye niliuandika katika Sura ya Nne, kurasa 14. Msimamizi wangu ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Hii ni simulizi ya maisha. Data iko wapi?" Lakini mhadhiri mwingine alishaniambia kwenye semina nisiogope, nijiweke ndani ya tasnifu. Nimsikilize nani? Na je, inaruhusiwa kuandika "mimi"? Nimeziambatisha kurasa zenyewe pamoja na manukuu ya nyimbo.

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa msiba. Poleni nyote hapo nyumbani.

Kurasa zako nimezisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilizisoma kama mtu ambaye naye alishamzika mama yake, na sikuona cha kusahihisha. Mara ya pili nilishika penseli, nikajikuta nakubaliana na msimamizi wako kwa kurasa kumi na tatu. Umebaki ukurasa mmoja, wa tisa, na huo sikubaliani naye hata kidogo. Nadhani hata yeye angeuona kama usingekuwa umefunikwa na wenzake.

Katika ukurasa huo unasema jioni ya siku ya pili ulianzisha mwenyewe ule mstari ambao kwa tafsiri yako ni "umetuachia nani". Mstari huo huo ulishauchambua mwanzoni mwa sura, umeukuta katika misiba mitano, ukauweka kwenye fungu la "lawama kwa marehemu". Safari hii ulipouimba, mama yako mdogo aliyekuwa amekaa karibu na mlango akaitika: "Nipo." Kisha shangazi mmoja naye akaitika. Ukaandika sentensi moja, kwamba hapo ndipo ulipoelewa kuwa hukuwa unamuuliza mama. Halafu ukahamia kwenye habari za mvua na ndizi zilizoletwa na majirani.

Hapo ulipopita mbio ndipo ilipo tasnifu yako. Kama mstari ule haumuulizi aliyelala, bali unawauliza walio hai nani atashika nafasi yake, basi fungu lako la "lawama" linayumba, na pengine linaanguka. Hilo ni dai la kitaaluma. Uzuri wake ni kwamba linapimika, kwa sababu rekodi tisa unazo. Nimepitia kiambatisho chako cha manukuu. Msiba wa pili, mara tu baada ya mstari huo, umeandika kwenye mabano "kelele za waombolezaji". Wa tano umeandika "kelele". Wa sita, "sauti hazisikiki vizuri". Simu yako ilikuwa imeelekezwa kwa mwimbishaji, kwa hiyo chochote alichosema mtu mwingine kiliingia kwenye daftari lako kama kelele. Rudi huko. Vaa hedifoni, tafuta mahali patulivu, sikiliza sekunde kumi au kumi na tano baada ya kila "umetuachia nani". Andika nani anaitika, ana uhusiano gani na marehemu, anasema nini kwa Kinyakyusa, kabla hujatafsiri. Hiyo "nipo" yako nayo niwekee maneno yake ya asili, maana "nipo" ya Kiswahili inaweza kuwa "nimo humu ndani", au "niko tayari", au "bado sijafa".

Unaweza kukuta watu wanaitika karibu kila mahali. Hapo msiba wa mama umekupa ufunguo, na ile misiba mingine ndiyo ushahidi. Unaweza kukuta wanaitika pale tu marehemu alipokuwa mama mwenye watoto nyumbani, na hilo litakuwa tamu zaidi. Na inawezekana ukakuta hakuna anayeitika, kelele ilikuwa kelele kweli. Hapo utaandika sentensi mbili kwamba jambo hilo ulilishuhudia kwenu tu, na fungu lako la zamani litabaki.

Kwa hiyo swali la nani umsikilize naona halijakaa sawa. Mhadhiri wa semina yuko sahihi kwamba uingie. Msimamizi yuko sahihi kwamba uingie kwa mlango. Ulichokiishi kinaingia kwenye tasnifu kama shahidi, na shahidi huulizwa maswali: ulikuwa wapi, uliona nini kwa macho yako, nani mwingine aliona, uliandika lini, una maslahi gani na kesi hii. Katika kurasa zako kumi na tatu shahidi amepanda kiti cha hakimu, anatoa hukumu juu ya "utamaduni wetu" na hakuna aliyemuuliza neno. Katika ukurasa wa tisa ameketi mahali pake.

Kuna mtu aliyepita njia hii hii, na nakushauri umtafute maktabani. Renato Rosaldo, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliishi na mkewe Michelle miongoni mwa Wailongot wa kaskazini mwa kisiwa cha Luzon, Ufilipino, mwishoni mwa miaka ya 1960 na tena 1974. Wazee wa huko walikuwa na historia ya kukata vichwa vya watu. Alipowauliza sababu walimjibu kwa ufupi sana: mtu akifiwa, uchungu unazaa hasira, na hasira inamsukuma kuua. Rosaldo aliona jibu hilo jepesi mno. Kwa miaka akatafuta maelezo mazito zaidi, ya nadharia, huku jibu amepewa mkononi. Mwaka 1981, wakiwa katika utafiti mwingine huko huko Luzon, Michelle aliteleza akaanguka gengeni akafa. Rosaldo anaeleza kwamba alipoufikia mwili wake alishikwa na hasira. Hapo ndipo alipoyasikia upya maneno ya wale wazee. Insha yake juu ya jambo hilo ndiyo inayofungua kitabu chake cha 1989.

Ninachotaka ukitazame ni namna alivyoutumia msiba wake. Kifo cha mkewe kinachukua sehemu ndogo ya insha, iliyobaki ni Wailongot. Hasemi "sasa najua wanavyohisi". Anaonya waziwazi kwamba hasira yake na yao zinagusana lakini si kitu kimoja, na kwamba yeye hakwenda kukata kichwa cha mtu. Msiba ulimrudisha kwenye data aliyokuwa ameidharau. Wewe nawe una manukuu yenye neno "kelele". Unaona mnavyofanana?

Sasa kuhusu wewe kuwa mwenyeji. Katika Sura ya Kwanza umeandika kwamba kuwa kwako Mnyakyusa "kunahakikisha usahihi wa matokeo". Futa. Wanaanthropolojia Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa Rungwe miaka ya 1930, na mwaka 1939 Godfrey alichapisha makala kuhusu kaida za mazishi ya Wanyakyusa. Nashangaa haimo katika mapitio yako ya kazi tangulizi, na mtahini wa nje atashangaa zaidi. Wilson hakuwa na mama katika kaburi lolote la Rungwe, kwa hiyo kuna mambo asingeweza kuyahisi. Lakini kwa kuwa kila kitu kilikuwa kigeni kwake, aliona kaida mahali ambapo wewe unaona maisha ya kawaida tu. Wewe pengine "nipo" iliitikwa karibu nawe miaka yote ya utoto wako kwenye misiba ya watu na hukuisikia. Ugeni hupofusha upande mmoja, uenyeji upande mwingine. Andika upande wako ni upi.

Na mwenyeji ana hatari yake nyingine: kugeuka wakili. Jomo Kenyatta alisoma London School of Economics chini ya mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, akaandika juu ya Wakikuyu kitabu kilichotoka 1938, na hoja yake kubwa ya kuaminika ilikuwa kwamba anayoyaeleza ameyaishi. Kitabu kina nguvu hadi leo kwa sababu hiyo. Lakini Kenyatta alikuwa pia amekwisha kuwa katibu mkuu wa Kikuyu Central Association, chama kilichopigania ardhi ya watu wake, na msomaji makini anaona namna jamii anayoichora ilivyotulia, migongano yake imepigwa pasi. Simlaumu, alikuwa na vita ya kupigana. Wewe huna vita hiyo. Unapoandika "mbolezi zetu haziwezi kufa" huku karibu nusu ya misiba uliyorekodi kwaya ya kanisa ndiyo iliyoimba usiku kucha, unatetea badala ya kutazama. Wakristo wa Kanisa la Moravian wako Rungwe tangu 1891, nao wana nyimbo zao za kilio. Hilo nalo ni data.

Nije kwenye "mimi", maana najua ndilo linalowakosesha wanafunzi usingizi kuliko yote.

Kwa Kiswahili huhitaji hata kuitamka, imo ndani ya kitenzi: nilirekodi, nilihoji, niliainisha. Tumezoea kuandika "mtafiti alirekodi" tukidhani ndiyo heshima ya kitaaluma. Matokeo yake katika Sura ya Pili yako umemnukuu mtu aliyechambua mbolezi za kabila jingine, aya inayofuata inaanza na "Mtafiti alibaini kuwa...", nami nimesoma mara tatu bila kujua ni yeye au ni wewe. Mbaya zaidi ni "ilibainika". Ilibainika kwa nani? Kauli ya kutendwa ina kazi yake, lakini hapo inamficha mtu anayepaswa kuulizwa. Mtu akiandika "niliainisha mstari huu kama lawama", tunamjua wa kumbana. Akiandika "mstari huu uliainishwa", amejificha nyuma ya kiambishi.

Wengine watakwambia mwongozo wa uandishi wa APA, Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, unakataza. Toleo la saba, la 2019, linashauri kinyume: mwandishi aliye peke yake ajitaje kwa nafsi ya kwanza, asijiite "mwandishi" au "mtafiti" kana kwamba ni mtu wa pembeni. Hata hivyo, kama kitabu cha taratibu za chuo chako kinadai "mtafiti", andika "mtafiti" na usonge mbele. Usipoteze mwaka mzima kwa ajili ya "ni-". Ila hakikisha kila "mtafiti" anayetajwa anajulikana ni nani.

Kiambishi ninachokiogopa mimi ni "tu-". "Tunalia", "tunaamini", "sisi tunajua marehemu anatusikia". Katika kurasa zako 14 nimehesabu "tu-" ya namna hiyo mara ishirini na saba, na hakuna hata moja iliyokuja na jina la mhojiwa au namba ya rekodi. "Ni-" inadai jambo moja juu ya mtu mmoja. "Tu-" inadai juu ya kabila zima, na haijalipa nauli. Kila unapoikuta jiulize: nani hasa? Wanawake wa rika la mama? Waimbishaji watatu uliowahoji? Jibu likikosekana, futa sentensi.

Nikuoneshe kwa mfano. Aya yako ilikuwa hivi:

"Hakuna maneno yanayoweza kueleza uchungu nilioupata. Sisi Wanyakyusa mbolezi ni pumzi yetu, tunamlilia marehemu kwa kuwa tunajua anatusikia. Mama alikuwa nguzo, na siku ile mbolezi zilinidhihirishia kwamba utamaduni wetu hauwezi kufa."

Ningeiandika hivi, nikitumia yaliyomo katika kurasa zako mwenyewe:

"Mama yangu alifariki baada ya msiba wa tisa kurekodiwa. Katika msiba wake sikurekodi. Maelezo yafuatayo ni kumbukumbu niliyoiandika siku ishirini baadaye. Nilipoimba mstari wa 'umetuachia nani', ndugu wawili wa kike wa rika la mama waliitika kwamba wapo. Kabla ya hapo nilikuwa nimeuainisha mstari huu kama lawama kwa marehemu. Mwitiko huo ulinifanya nirudie rekodi zote tisa na kusikiliza kinachofuata baada ya mstari, sehemu ambayo katika manukuu ya awali niliiandika kama kelele. Matokeo ya usikilizaji huo wa pili yako katika sehemu ya 4.3."

Hayafiki maneno mia. Msimamizi hawezi kuuliza data iko wapi, ameelekezwa sehemu ya 4.3. Na uchungu haujaondoka. Msomaji aliyewahi kufiwa atasimama mwenyewe kwenye neno "sikurekodi".

Angalia pia zile siku ishirini. Umezitaja ukurasa wa kwanza kama jambo la kupita, lakini zina uzito. Kurasa zinazofuata umeweka maneno ya mama mdogo ndani ya alama za kunukuu, aya nzima, neno kwa neno. Mwanangu, mtu aliyetoka kumzika mama yake hakumbuki aya nzima neno kwa neno baada ya siku ishirini. Mimi sikumbuki hata niliyoambiwa jana dukani. Alama za kunukuu ni kiapo kwamba maneno yalisemwa hivyo. Ulichonacho ni kumbukumbu, kwa hiyo fafanua kwa maneno yako na useme ni kumbukumbu. Kama uliweka daftari la uwandani siku zile, hata mstari mmoja, hilo lina thamani kuliko kurasa zote 14. Wataalamu wa mbinu za utafiti Yvonna Lincoln na Egon Guba, tangu 1985, wanashauri mtafiti wa kimaelezo awe na shajara ambamo anaandika alivyofikiri na alivyobadilika, ili mwingine aweze kufuata nyayo zake. Anza leo kama hukuwa nayo. Mimi huwaambia wanafunzi wagawe ukurasa kwa mstari: upande wa kulia kilichoonekana na kusikika, upande wa kushoto kilichonipitia moyoni. Ukikaa kuandika tasnifu unaanza na upande wa kulia, unachungulia wa kushoto.

Habari zako nyingine zinahitaji makao, na makao yake ni Sura ya Tatu, katika sehemu ya nafasi ya mtafiti. Ukurasa mmoja unatosha. Humo sema wewe ni nani kwa watu uliowarekodi, ni misiba mingapi ilikuwa ya ndugu, mama alifariki baada ya rekodi ipi, manukuu yapi uliyaandika kabla na yapi baada. Sema pia kama uchambuzi wako ulibadilika, na wapi.

Usione aibu kusema. Mimi niliona, nikaumbuka. Siku ya utetezi wa tasnifu yangu mwenyewe, miaka mingi imepita, mtahini mmoja alifungua ukurasa alioukunja pembe akaniuliza kwa upole: "Huyu Mhojiwa wa 7 anayekujibu vizuri hivi, ni nani kwako?" Alikuwa babu yangu. Nilikuwa nimemficha nyuma ya namba nikidhani ndivyo sayansi inavyotaka. Babu alikuwa amesema ukweli mtupu, lakini baada ya swali lile hakuna aliyemwamini tena, na wahojiwa wengine kumi na mmoja walichafuka pamoja naye. Nilipewa miezi mitatu ya masahihisho. Sentensi moja katika sura ya mbinu ingeniokoa.

Swali ambalo hukuuliza lakini nimeliona likinyemelea: kwa nini usiibadilishe kazi yote iwe otoethnografia, utafiti ambamo maisha ya mtafiti ndiyo data kuu? Njia hiyo ipo, ina watu wake na masharti yake, na ni ngumu kuliko unavyodhani. Huichagui ukiwa Sura ya Nne kwa sababu msimamizi amekasirika. Una rekodi tisa nzuri, usizitupe.

Zile kurasa kumi na tatu usizifute, ziweke mahali pengine. Tabaruku, ule ukurasa wa mwanzo wa kumtunukia mtu kazi, ni yako, hakuna mtahini anayeisahihisha. Na kuna siku utataka kuandika habari za mama kwa uhuru, bila namba za sehemu, na utashukuru kwamba uliandika mapema.

Limebaki jambo moja, nalo nataka ulifanye kabla ya kurudi kwa msimamizi. Misiba mingine yote umewabadilisha watu majina, vizuri. Lakini mama mdogo hafichiki. Jina lako la ukoo liko juu ya jalada, na Rungwe nzima inajua nani alikaa karibu na mlango siku ile. Fomu ya ridhaa aliyosaini mtu wa msiba wa tatu haimhusu yeye. Nenda kwake na ile aya fupi, umsomee kwa Kinyakyusa, taratibu. Mwambie itasomwa na watu wasiomjua. Akikataa, iondoe, ubaki na sentensi moja kwamba tukio la kifamilia lilikufanya usikilize rekodi upya. Akikubali, muulize swali ambalo mimi siwezi kumuuliza: alipoitika "nipo", alikuwa anamjibu nani? Mwombe ruhusa ya kuwasha simu kabla hajajibu.